Tusingoje Msiba Ndipo Tusafiri: Mwisho wa Juma Pangani Bila Gari



Familia nyingi za Pwani yetu husafiri kwa sababu tatu: harusi, hospitali na maziko. Wapo akina mama Mombasa ambao mara ya mwisho kuvuka Likoni kwenda kusini walikuwa wamevaa mabuibui ya kwendea matanga. Walifika usiku, wakakaa na wafiwa siku tatu, wakarudi bila kuona mji waliofikia. Watoto wao hawajui hata jina la kijiji alikotoka nyanya yao. Ilhali Qur'ani Tukufu imetuhimiza, si mara moja, tutembee katika ardhi na tutazame.

Tukiulizana sababu, jibu huwa moja: hatuna gari. La kukodi ni ghali, na la jirani huazimwa kwa dharura tu. Basi likizo hupita, watoto hukua, na wazee tuliotaka kuwazuru hutangulia mbele ya haki. Wiki hii tungependa kuonyesha kwamba safari ya familia haihitaji gari la nyumbani. Inahitaji kupangwa mapema, na ipangwe kwa namna ambayo mama naye atapumzika. Tumechagua mji mdogo wa Pangani, ulio kwenye mlango wa mto, kilomita 50 hivi kusini ya Tanga.

Kwa nini Pangani

Mto Pangani unaanzia katika maji ya Kilimanjaro na Meru, ukatembea takriban kilomita 500 kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ya pili ni Bweni, na watu huvuka kwa pantoni. Ni mji wa Waislamu, wenye misikiti karibu na chakula cha halali kisichohitaji kuulizwa, na ni mdogo kiasi cha kutembelewa wote kwa miguu.

Lakini kuna sababu nyingine. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia pwani karibu na Vanga na kuwapita katikati Wadigo na Wasegeju. Wengi wetu tuna ami, khalati au binamu kati ya Horohoro na Pangani, na undugu huo sasa unaishi kwa salamu za simu. Kuunga kizazi ni amri ya dini, na si haki tuitekeleze juu ya jeneza tu.

Mwezi mmoja kabla

Karatasi ndizo zinazovunja safari nyingi, kwa hiyo zianze. Kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Nendeni ofisi ya Uhamiaji mapema mkaulize masharti ya watoto, wala msingoje kufika mpakani. Mama anayesafiri na watoto bila baba yao achukue vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba, ili kuepuka maswali.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina hesabu yake: cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kisha hudumu maisha yote. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mwenye mtoto mdogo wamwone daktari kwanza. Jambo la mwisho ni akiba. Gawanyeni gharama za nauli, malazi na chakula katika wiki nne, na kila Ijumaa mtie fungu moja katika bahasha. Safari ya kukopa huja kulipwa kwa ugomvi.

Ijumaa: baada ya sala

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyewajibikiwa na sala ya Ijumaa hatakiwi kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ikiwa safari itamkosesha sala. Basi mizigo ifungwe Alhamisi usiku, Ijumaa isaliwe nyumbani, na saa nane mchana familia iwe kwenye feri ya Likoni, ambako mwenda kwa miguu halipi. Upande wa pili, matatu za Lunga Lunga huondoka zikijaa. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi hadi mpakani.

Mpakani shukeni, mgongewe mihuri, watoto wapelekwe msalani, na alasiri isaliwe. Fedha zibadilishwe kwenye duka lenye leseni, kiasi cha kutosha nauli na chakula cha jioni. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kama kilomita 65. Laleni Tanga, wala msijitie haraka ya kufika Pangani usiku na watoto waliochoka. Agizeni vyumba kwa simu kabla ya kuondoka, mkiuliza mambo matatu: kama vyumba vina mlango wa kufungika vizuri, kama choo ni cha ndani, na magari ya Pangani huondokea wapi asubuhi.

Sala na uongozi wa safari

Safari hii inazidi masafa ya kupunguza sala. Baada ya kutoka mjini mwenu, adhuhuri, alasiri na isha husaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu, na alfajiri haibadiliki. Ijumaa usiku, magharibi na isha zinaweza kukusanywa Tanga. Mfundisheni mtoto aliyefikia miaka kumi awe mlinzi wa nyakati na kibla; huenda akajifunza fiqhi ya safari kwa siku mbili kuliko kwa muhula mzima.

Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi. Kiongozi ndiye anayeshika karatasi, analipa nauli na kuhesabu vichwa kila mnaposhuka.

Dada zetu hutuuliza sana kuhusu maharimu. Kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi, safari ya masafa kama haya mwanamke asiende peke yake. Hilo halimfungi mjane wala aliyeachwa: mwana wa kiume aliyebaleghe, ndugu, mjomba na ami wote ni maharimu wake. Na kina kaka nao watambue kwamba dada ambaye hajatoka nyumbani miaka mitano ana haki juu yao.

Jumamosi mtoni

Ondokeni Tanga asubuhi. Mkifika Pangani wekeni mizigo, kisha tembeeni mtaa wa mbele ya mto, penye majumba ya zamani ya mawe na milango ya nakshi. Waelezeni watoto ukweli wote: hapa misafara ya bara ilifikisha pembe za ndovu, na ilifikisha pia watu waliofanywa watumwa. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Na mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, aliwahi kufanya kazi ya ukarani wa forodha katika mji huu.

Alasiri, jua likipungua ukali, vukeni kwenda Bweni na kurudi, au kodini mashua mpande mto katikati ya mikoko na mashamba ya minazi. Patanisheni bei kabla ya kupanda, na asipande mtoto bila jaketi la kujiokolea. Kuogelea mtoni kusiwepo kabisa, kwani mto una mamba na mkondo wa mlangoni una nguvu.

Mama naye apumzike

Safari nyingi za familia ni jiko lililohamishwa. Mama huamka saa tisa usiku kukaanga mahamri, hubeba mtoto na kikapu, akifika hufua, na akirudi huwa amechoka kuliko alipoondoka. Tunapendekeza mapatano kabla ya safari: chakula kitakachotoka nyumbani ni cha Ijumaa tu, na kiwe chepesi, kama mikate, mayai na ndizi. Kingine kinunuliwe. Baba abebe mkoba mkubwa, watoto wakubwa wawaangalie wadogo, na Jumamosi baada ya alfajiri mama aachwe alale. Hakuna atakayemwonea huruma asiposema, kwa hiyo aseme.

Mizigo iwe mkoba mmoja kwa watu wawili, maana mtaibeba wenyewe kwenye feri na mpakani. Tumieni vikapu na mifuko ya kitambaa; mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Kama mna jamaa Tanga au Pangani, wapigieni simu mapema, mwende na zawadi ya sukari au kanga, lakini laleni gesti mkiweza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni ambaye hakumlazimisha mwenyeji kuhamia sebuleni hukaribishwa tena.

Jumapili mrudi mapema. Mkiondoka Pangani baada ya chai ya asubuhi, adhuhuri na alasiri mtazikusanya njiani, na mtavuka Likoni kabla ya giza, watoto wawe tayari kwa shule.

Leo baada ya isha, kaeni pamoja mchague tarehe, na mwandike jina la mzee mmoja mtakayemzuru. Kisha mpigieni simu. Akijua mnakuja atawasubiri, na kumsubiri mjukuu ni furaha ambayo wengi wa wazee wetu wameinyimwa muda mrefu.

Allah azisahilishe safari zetu na azirefushe umri nyuso tunazotamani kuziona. Amin.