Volti zilizo chini ya ardhi

Rilei ya kisanduku cha kulinda betri ilikuwa ikilia trrr kila umeme wa mtandao uliporudi, ukikatika tu inanyamaza. Fundi mmoja wa hapa mtaani Bel-Air, Katanga, alikuwa ameshaibadilisha mara mbili. Kisanduku chenyewe kinaendeshwa na betri ya volti 12, na ndani mna LM393: kompareta mbili katika ganda moja la miguu minane. Kompareta ni mizani. Hupewa volti mbili, ikasema ipi imezidi. Ya kwanza ilichungulia kama umeme umerudi, ya pili ililinda betri isishuke chini ya volti 11.5. Iliyolia ni rilei ya ile ya pili, ambayo haina habari na umeme wa mtandao.

Nikafuata waya wa ile ya kwanza. Ulitoka kwenye transfoma ndogo ya volti 9, ukapita rezista ya kiloomu 4.7, ukaingia mlangoni mwa kompareta; ncha nyingine ya transfoma ilikuwa kwenye hasi ya betri. Volti 9 za mkondo geu hupanda hadi karibu 12.7, kisha huzama 12.7 chini ya sifuri, mara 50 kwa sekunde.

Chini ya sifuri ni wapi? Katanga tuna mfano mkubwa kuliko kisanduku hiki. Laini ya Inga–Kolwezi, zaidi ya kilometa 1,700, hubeba mkondo mnyoofu kwa njia mbili: moja iko volti 500,000 juu ya ardhi, nyingine 500,000 chini yake. Laini ile ilijengwa kwa hayo. Kwa LM393, ardhi ni hasi ya betri, na mtengenezaji anaruhusu mlango ushuke chini yake kwa volti 0.3 tu.

Ukishuka zaidi, mkondo hutoka ardhini, ukapita mwilini mwa aisii hiyo, yaani LM393, na kutokea mlangoni. Rezista ile ya kiloomu 4.7 ndiyo iliyoiokoa isiungue. Lakini sehemu zote zimelala juu ya kipande kimoja cha silikoni, na mkondo huo huamsha transista ambazo hakuna aliyezichora. Matokeo ya kompareta huruka ovyo, hata ya jirani asiyehusika. Milisekunde chache baadaye volti hupanda na kila kitu kinakuwa sawa, ndiyo maana multimeta haikuona kitu na lawama zikaiangukia rilei.

Dawa ni rezista ya kiloomu 100, kisha diodi ya Schottky kama BAT85 kati ya mlango na ardhi, upande wenye mstari ukitazama mlango. Mkondo unabaki kama miliampea 0.12, ambao betri haiuhisi, na diodi inauzuia mlango kwenye volti 0.2 hivi chini ya sifuri. 1N4148, diodi ya bei ya karanga, hufunguka karibu na 0.6. Imechelewa.

BAT85 haikupatikana. Tulifumua chaja ya simu iliyokufa tukatoa 1N5819. Nayo ni Schottky, ila kubwa, na Schottky kubwa huvuja kinyumenyume, hasa kwenye joto la Oktoba: mikroampea 10 tu kwenye kiloomu 100 ni volti nzima iliyopotea. Basi rezista tukaishusha hadi kiloomu 10, tukachomelea, tukakaa kungoja umeme urudi. Ulirudi saa tatu usiku.