Kabla ya Kumwita Mkunga Nyumbani, Muulize Kuhusu Damu

Mama wa mitaa ya Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, anayetafuta mkunga wa kumzalisha nyumbani huanza kwa kuuliza amezalisha wangapi. Jibu huwa la kutia moyo, na mara nyingi ni la kweli. Lakini swali zito zaidi ni hili: damu isipokoma, utafanya nini, na kwa dawa gani?

Mimba ikifika miezi tisa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana. Misuli hiyo ikilegea, mama aliyekuwa akizungumza na kumtazama mwanawe anaweza kuzirai dakika chache baadaye. Wala hahitaji kuwa na kasoro yoyote iliyoonekana kliniki.

Ndiyo maana kila mama anayejifungua hupaswa kupewa dawa ya kukaza mji wa mimba punde mtoto anapotoka. Iliyozoeleka ni oksitosini, vizio 10, sindano moja ya paja. Dawa hii huharibika kwenye joto. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sasa fikiria chumba cha mabati kule Gatwekera, Kibera, saa nane mchana, stima imepotea. Chupa ndogo iliyoshinda kwenye mkoba wa mkunga bado ina lebo na tarehe yake, lakini nguvu yake huenda imepungua. Kwa hiyo mwambie akuonyeshe kisanduku chenye barafu anachobebea dawa. Kama hana, muulize kama anabeba misoprostoli, vidonge visivyohitaji friji.

Damu nayo inapimwa, haikisiwi. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliwawekea akina mama karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo, kisha matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara tu tatizo lilipoonekana. Visa vya kuvuja damu vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Mkunga anayetazama kanga zilizolowa na kusema “ni kidogo tu” anacheza na uhai wa mtu.

Mtoto naye ana dakika yake. Asipopumua baada ya kupanguswa na kusuguliwa mgongo, anahitaji kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa ndogo ndani ya dakika ya kwanza. Kifaa hicho kiwe mezani kabla uchungu haujakolea.

Ni nani basi anayeruhusiwa kubeba haya yote? Nchini Kenya ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi, mwenye leseni ambayo haijaisha muda. Anayefanya kazi binafsi huhitaji pia leseni ya huduma binafsi. Omba jina lake kamili na namba ya leseni, kisha uitafute kwenye tovuti ya Baraza. Mkunga wa kweli hatakasirika. Katikati ya miaka ya 2000, magharibi mwa Kenya, wauguzi wakunga waliostaafu walitumika kuwazalisha akina mama vijijini kwao, huku wakiunganishwa na vituo vya afya. Bado nauona mpango huo kama mfano mzuri kwa mitaa yetu.

Shosho wa mtaani aliyejifunza kwa mamake hayumo kwenye orodha ya Baraza. Simdharau. Anakaa na mama usiku kucha, anamkanda mgongo, hamfokei, na wengi humkimbilia kwa sababu walishatukanwa leba. Aje, awe mwenzi wako hata hospitalini. Sindano na uamuzi wa kukuhamisha viachiwe mwenye leseni.

Na wapo ambao mkunga mwaminifu atawakataa: aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, mtoto aliyekaa vibaya, presha, au upungufu wa damu. Akikukubali bila kufungua kitabu chako cha kliniki, tafuta mwingine.

Kinachobaki ni njia ya kutoka. Gari halifiki mlangoni Laini Saba, Kibera, wala katika vichochoro vya Gatina, Kawangware. Nani atakubeba hadi barabarani, kwa machela gani? Dereva yupi atapokea simu saa tisa usiku, akupeleke hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta? Mwaka 2020, kafyu ya korona ilipowafungia akina mama majumbani, Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life ili wapate usafiri wa usiku. Umbali ni mfupi, ila usiku huurefusha. Bodaboda haimfai mama anayevuja damu.

Hospitali nayo ina gharama, kwa hiyo jisajili mapema na bima ya serikali, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), hata kama umepania kuzalia nyumbani. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na ajira rasmi huulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, pesa ambazo hazipatikani ghafla uchungu ukiwa umeshaanza. Mkunga na akae nawe saa kadhaa baada ya kondo kutoka, kisha wewe na mtoto mfike kituoni ndani ya siku moja kwa uchunguzi na chanjo za BCG na polio. Kuzaliwa kwake kukaandikishwe kwa naibu chifu.