Feri, Kariakoo na mizigo ya ng'ambo

Mabadilishano ya kimataifa ni mwendo wa bidhaa, fedha, watu na maarifa unaovuka mipaka ya nchi, na mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni jambo la takwimu za Benki Kuu na mikataba ya mawaziri peke yake. Nchini Tanzania, hata hivyo, athari zake zinaweza kuonekana katika eneo dogo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu chini ya saa moja, yaani kutoka Feri, ambako pantoni huvusha watu kati ya Magogoni na Kigamboni, kupitia katikati ya mji wa Dar es Salaam hadi soko la Kariakoo. Historia ya eneo hilo inaonyesha jambo linalostahili kufikiriwa kwa makini: wakazi wake walipopokea maneno ya wageni waliyafanya kuwa yao kabisa, lakini walipopokea bidhaa za wageni walibaki kwa sehemu kubwa kuwa wauzaji wa kazi ya watu wengine.

Mji wenyewe ulizaliwa kutokana na biashara ya bahari. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima, akilenga kupata bandari ya bara yenye maji yaliyotulia, na Boma la Kale lililopo mkabala na bandari ni moja ya majengo machache yaliyosalia ya mpango huo uliodorora baada ya kifo chake mwaka 1870. Wajerumani walipouhamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mji ulikuwa na watu elfu chache tu. Kilichobadilisha hali yake ni reli ya kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kwa sababu kuanzia hapo mazao ya bara yalielekezwa kwenye gati moja, na watu waliokuwa wakitembea kwa misafara hadi pwani, hususan Wanyamwezi na Wamanyema, wakapata njia mpya ya kufika na kubaki.

Kariakoo ina jina la vita vya watu wengine. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamekusudia kulifanya soko liligeuzwa kuwa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliobeba chakula, risasi na majeruhi katika kampeni ya Afrika Mashariki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na ni haki kusema kwamba mtaa unaojulikana leo kwa bei ya jumla una kumbukumbu ya watu waliolipwa kidogo sana kwa kubeba mzigo usiokuwa wao. Baada ya vita, utawala wa Waingereza uliendeleza mgawanyo wa makazi ulioanzishwa na Wajerumani: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ulioachwa kuwatenganisha. Kwa hiyo ramani ya mji ilifuata nafasi ya kila kundi katika biashara ya dunia, yaani waliotawala usafirishaji, waliomiliki maduka na waliotoa nguvu za mwili.

Nguvu hizo za mwili hazikuwa kimya. Makuli wa bandarini, yaani wapakiaji na wapakuaji wa meli, waligoma mwaka 1939, na mgomo wao wa mwaka 1947 ulifuata njia ya reli na kuenea bara. Waliogoma walitoka makabila mbalimbali na walielewana kwa Kiswahili, lugha ambayo miaka michache baadaye TANU, chama cha siasa kilichoundwa mwaka 1954 katika mtaa ambao sasa ni Lumumba pembeni mwa Kariakoo, iliitumia kuunganisha nchi nzima.

Idadi ya watu ina somo jingine, ambalo husahaulika. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 katika mji huu, ya mwaka 1967 ikahesabu 272,821, na kufikia mwaka 1988 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 1,360,850. Ongezeko hilo kubwa lilitokea hasa wakati ambapo uchumi ulikuwa umefungwa, maduka yalikuwa na rafu tupu na uagizaji wa bidhaa ulisimamiwa na mashirika ya umma. Inaonekana kama kinyume, lakini sababu yake ni kwamba soko la dunia halihitaji kuleta bidhaa ili kuhamisha watu. Kuanguka kwa bei ya zao kunatosha. Katani ndiyo mfano ulio wazi zaidi: mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, kisha kamba za nyuzi za viwandani zikaibana katika masoko ya nje, mashamba yakapunguza wafanyakazi, na wakulima wa mazao mengine nao wakaona kipato chao kikififia baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Vijana walielekea mjini, pamoja nao wale wa kutoka Lindi na Mtwara, ambao jina la kabila lao moja, Wamachinga, liliishia kuwa jina la kila mchuuzi anayetembeza bidhaa mkononi. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa huo.

Mlango ulifunguliwa kwa hatua mbili. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipataje, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza udhibiti wa bei, wa sarafu na wa uagizaji. Ahueni ilikuwa ya kweli na haipaswi kubezwa na yeyote asiyewahi kupanga foleni ya sabuni: nguo, betri na dawa za meno zilirudi madukani, na mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zinazofika zikiwa zimefungwa katika marobota, ikawavika watu wa kipato cha chini kwa heshima. Lakini viwanda vya nguo vilivyojengwa baada ya uhuru, vyenye mashine zilizochakaa na mikopo mizito, havikuweza kushindana na vazi lililouzwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya kulishona, na vingi vilifungwa au vikabaki vikijikongoja.

Kariakoo ndiyo iliyopokea mageuzi hayo yote. Soko kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 likiwa na paa la saruji lenye umbo la miavuli mikubwa, lilikusudiwa kuuza vyakula kwa wakazi wa mji; moto ulioliunguza Julai 2021 ulilikuta tayari likiwa kiini cha biashara kubwa zaidi kuliko lenyewe. Pembezoni mwake, katika mitaa kama Kongo, Msimbazi, Aggrey na Narung'ombe, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili zilibomolewa na kupisha maghorofa ambayo karibu kila hatua ya ukuta wake ni fremu ya duka, na mpangaji hutakiwa kutoa kilemba, yaani malipo ya kupewa nafasi, kabla hata ya kodi. Wafanyabiashara walioanza kwa safari za Dubai walihamia Guangzhou na Yiwu nchini China, ambako wenye mitaji midogo huchangia kontena moja. Winga, kijana asiye na duka wala mtaji, humwelekeza mteja kwa muuzaji na kuishi kwa nyongeza anayoiweka juu ya bei. Wanunuzi nao hawatoki Tanzania pekee, kwani Kariakoo huwauzia kwa jumla wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo, na kwa njia hiyo mtaa mmoja umekuwa ghala la nchi kadhaa zisizo na bandari au zilizo mbali na njia kuu za meli.

Hapa ndipo lugha inapoonyesha nguvu yake. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Goma hufika Kariakoo akiwa na Kiswahili chake, tofauti kidogo na cha Dar es Salaam lakini kinachotosha kupatana bei, na urahisi huo ni mtaji ambao hakuna kodi inayoweza kuuleta. Kiswahili chenyewe kimekuwa kikipokea maneno kwa karne nyingi: bandari kutoka Kiajemi, meza kutoka Kireno, duka kutoka lugha za Kihindi, shule kutoka Kijerumani, na hela kutokana na sarafu ya heller ambayo Wajerumani waliitoa mwaka 1904. Kila neno liliingizwa katika ngeli, yaani makundi ya majina yanayotawala viambishi vya sentensi, likaanza kutii sarufi ya wenyeji, hivyo kontena likazaa makontena, na winga akazaa mawinga, bila kibali cha aliyelileta. Wageni nao walilazimika kuifuata lugha: Wajerumani waliendesha utawala wa chini kwa Kiswahili kupitia maakida, yaani maofisa wao wa ngazi ya chini, kamati ya kusanifu lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na Redio China Kimataifa ilianzisha matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Gharama nayo haikukosekana, kwani Kizaramo, lugha ya wenyeji wa eneo hili, kinasikika kidogo sana miongoni mwa vijana wa mjini, na huo ni upotevu usiofidiwa na ukubwa wa Kiswahili.

Uchumi haujapata ngeli ya namna hiyo. Feri yenyewe ina mfano mdogo wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa: soko la samaki lililofunguliwa mwaka 2002 lilijengwa kwa msaada wa Japani, na nyavu za nailoni na injini za boti hutoka nje, lakini samaki huvuliwa na wenyeji, hupigwa mnada na wenyeji, husafishwa na kukaangwa papo hapo, na kila mkono unaomgusa huongeza thamani inayobaki mjini. Kontena la Kariakoo halina mikono mingi hivyo, kwani kazi iliyotengeneza bei yake imekwisha kufanywa Guangzhou, na kinachobaki ni usafirishaji, kodi, pango na nyongeza ya winga. Wakati huohuo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imechambuliwa mbegu tu, na korosho nyingi huenda India na Vietnam zikiwa na maganda yake.

Mvutano wa miaka ya karibuni unatokana na ufinyu wa sehemu hiyo iliyobaki. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja, na Juni 2024 walifunga tena. Malalamiko mengine yalihusu raia wa kigeni, hasa Wachina, walioacha kuwa wauzaji wa jumla wa huko mbali wakafungua fremu jirani na wateja wao wa jana, na Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na yale maalumu kwa wazalishaji wa ndani. Amri hiyo inampa Mtanzania fremu, na kwa winga na mwenye mtaji mdogo hilo si jambo dogo. Bidhaa iliyomo ndani ya fremu inaendelea kushushwa bandarini ikiwa imekwisha kutengenezwa, kwa sababu aliyeshona shati au aliyefinyanga sahani ya plastiki hakuwemo katika orodha ya walioguswa.