Kulisha Seli za Alumini: Dhana na Istilahi Yake

Tangu ugunduzi wa Charles Martin Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa mwaka 1886, alumini hupatikana kwa kupitisha umeme katika alumina iliyoyeyuka ndani ya kriolaiti yenye joto la nyuzi 960 hivi za Selsiasi. Kila tani ya alumini huhitaji takribani tani mbili za alumina, lakini unga huo haumiminwi wote kwa pamoja. Chuma kinachosukumwa kwa hewa hutoboa gamba lililofunika kimiminika, kisha kipimo kidogo, aghalabu kilo moja hivi, huangushwa tunduni.

Alumina ikizidi, hutuama chini kama mashapo. Ikipungua mno, volti za seli hupanda ghafla kutoka 4 hivi hadi 30 au zaidi, na gesi za perfluorokaboni hutoka. Nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni maelfu ya mara ya kaboni dioksidi. Kompyuta hukadiria kiasi kilichomo kwa kufuatilia ukinzani wa umeme, ikiipunguzia seli chakula kwa makusudi, kisha kuizidishia.

Kwa hiyo kitenzi kulisha kinafaa kuliko kumimina au kupakia, kwani kinabeba njaa na kuvimbiwa pia. Kinyume chake, tafsiri sisisi “athari ya anodi”, kwa tukio la kupanda kwa volti, humwelekeza fundi, na hata mwandishi wa ripoti ya gesijoto, kwenye anodi, ilhali chanzo ni uhaba wa alumina. “Njaa ya seli” ingewaonyesha kinachokosekana.