Chakula cha Kununua: Habari za Mama Lishe na Baa za Goba

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wa mjini hulifanya kila siku bila kulifikiri, nalo ni kula kwa fedha chakula kilichopikwa na mtu wasiyemjua. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa: afya ya mlaji na riziki ya mpishi. Nitalieleza kwa kuchukua mfano wa mahali pamoja, yaani Goba, ili mtu wa shamba anayekusudia kwenda Dar es Salaam, au mwanafunzi anayetaka kuijua nchi yake, apate kufahamu.

Goba ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, kati ya barabara kuu ya Morogoro na barabara kuu ya Bagamoyo. Barabara zitokazo Mbezi, Makongo, Tangi Bovu na Madale hukutana huko. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba, yenye mihogo, mikorosho na miembe. Ilihesabiwa katika Manispaa ya Kinondoni mpaka mwaka wa 2016, ilipoanza Manispaa ya Ubungo. Siku hizi mashamba mengi yamekuwa viwanja, na viwanja vimekuwa nyumba. Pana waashi na maseremala, vibarua, waendesha bodaboda, walimu na makarani. Wengi wao hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Mtu wa namna hii hawezi kurudi kwake adhuhuri ili ale, basi hana budi kula njiani.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijijini neno hilo latimia, maana jembe lipo na shamba lipo. Lakini mjini mgeni wa siku ya tatu hana shamba la kupewa. Jembe lake ni mshahara wake, na chakula chake hukinunua. Tena kijijini mlaji humjua mpishi: ni mama yake, au shangazi, au jirani. Undugu ndio unaomlinda. Mjini undugu huo haupo. Mahali pake hukaa vitu viwili, yaani usafi wa mwenye kupika na uaminifu wa mwenye kula. Kimoja kikikosekana, mtu hudhurika.

Sasa tuangalie nyumba za kulia chakula. Ya kwanza ni kibanda cha mama lishe. Watu wengine humwita mama ntilie, na jina hilo latokana na maneno ya mlaji anayenyosha sahani yake na kusema, "Mama, nitilie." Jina la mama lishe ni la heshima zaidi, kwa kuwa lamtaja kama mtu anayewalisha watu. Mwanamke huyu huamka kabla ya jogoo kuwika. Hununua mkaa, mchele, unga, mafuta na mboga, na mara nyingi fedha aliyoitumia ni ile aliyoipata jana. Adhuhuri hupakua wali na maharage, ugali na samaki au dagaa, ndizi za kupika na nyama, pamoja na mchicha au matembele.

Ukiitazama sahani yake utaona nchi nzima imo. Mchele huenda umetoka Kyela, Mbarali au Ifakara. Maharage yametoka mikoa ya Mbeya au Kagera. Ndizi zimetoka Rungwe au Kilimanjaro. Sato ametoka Ziwa Viktoria, na samaki wa baharini amenunuliwa Feri. Basi kibanda kidogo kando ya barabara ni mlango wa soko la wakulima na wavuvi wengi.

Nyumba ya pili ni mgahawa, ambao wengine huuita hoteli, ingawa hauna vyumba vya kulala. Neno mgahawa, au mkahawa, latokana na kahawa, maana hapo zamani palikuwa mahali pa kunywea kahawa na kuzungumza. Humo mtu hupata chai, chapati, maandazi, supu, pilau na biriani, na hukaa mezani chini ya bati au makuti.

Nyumba ya tatu ni baa. Asiyeizoea hudhani kuwa baa ni mahali pa kunywea pombe tu. Sivyo. Baa nyingi za Dar es Salaam huanza kazi asubuhi kwa supu ya mbuzi, ya ng'ombe au ya makongoro, inayoliwa kwa chapati na ndimu. Jioni huja watu kula nyama choma, mishkaki, kuku, ndizi za kuchoma, na chipsi, ambazo zikikaangwa pamoja na mayai huitwa chipsi mayai. Watu wazima huja na wake zao na watoto wao, na anayetaka soda au maji hunywa soda au maji, wala hapana anayemcheka.

Yafaa mgeni ajue kwamba baa mara nyingi si biashara moja. Mwenye baa huuza vinywaji kaunta. Jiko la nyama huenda ni la mtu mwingine aliyepanga nafasi hapo, na jiko la chipsi ni la mtu wa tatu. Kwa hiyo usishangae ukiletewa hesabu mbili. Nyama yenyewe huuzwa kwa kilo. Nenda mwenyewe jikoni, chagua kipande unachokitaka, kitazame kikipimwa katika mizani, ukaulize bei kabla haijawekwa motoni. Nyama hupungua uzito ikichomwa, maana maji na mafuta hutoka. Mtu aliyenunua kilo moja mbichi asilalamike kwamba ameibiwa aonapo sahani imekuwa ndogo.

Jambo jingine ni heshima ya dini. Wakazi wa Goba ni Waislamu na Wakristo wanaokaa pamoja. Mwislamu hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake, wala hagusi nguruwe. Kwa sababu hiyo nyama ya nguruwe, ambayo watu wa mjini huiita kitimoto, aghalabu huwa na jiko lake, kisu chake na vyombo vyake. Si utovu wa adabu kuuliza kabla ya kuagiza, na mwenye jiko mwema hujibu kweli. Naye anayekula nguruwe ahakikishe kuwa nyama imeiva mpaka ndani. Nyama hiyo yaweza kuwa na vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, navyo vina watoto wa mnyoo uitwao tegu. Moto wa kutosha huwaua.

Hapo tumefika katika jambo la afya. Chakula huharibika kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Katika joto kama la Dar es Salaam, baadhi ya vijidudu huweza kuzaana maradufu kila baada ya dakika 20. Hebu fanyeni hesabu. Kijidudu kimoja baada ya saa moja huwa 8. Baada ya saa tatu huwa 512. Baada ya saa sita huwa 262,144. Ndiyo maana wali uliopikwa saa nne asubuhi, ukaachwa katika sufuria iliyopoa mpaka saa kumi alasiri, si wali ule ule tena, hata kama harufu yake haijabadilika. Tena vipo vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo.

Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kanuni tano za chakula salama, nazo ni nyepesi kukumbuka. Kuwa safi. Tenga chakula kibichi na kilichoiva. Pika mpaka kiive sawasawa, hata joto la ndani lifike digrii 70. Chakula kilichoiva kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, bali kikae motoni kwa zaidi ya digrii 60. Tumia maji salama. Mama lishe anayeweka sufuria yake juu ya makaa mpaka sahani ya mwisho anaitimiza kanuni ya nne, hata kama hajapata kusikia jina la Shirika hilo.

Msidhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Katika mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, ambayo wakati huo Goba ilikuwa ndani yake, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu hupita katika kinyesi, ukaingia katika maji, kutoka maji ukaingia mikononi na katika vyombo, mwisho ukaingia kinywani. Mgonjwa hupoteza maji ya mwili kwa wingi, na asipotibiwa aweza kufa katika saa chache. Wakati kama huo uuzaji wa chakula mahali pa wazi huzuiwa, na mama lishe aliye safi hupoteza riziki yake pamoja na aliye mchafu. Kwa hiyo usafi wa kibanda kimoja ni mali ya vibanda vyote.

Basi mtu atajuaje mahali pazuri pa kula? Asitazame rangi ya ukuta wala sauti ya muziki. Atazame mambo haya. Je, maji ya kunawa yanatiririka kutoka katika ndoo yenye koki au birika, na sabuni ipo, au watu wote wanachovya mikono katika bakuli moja? Je, chakula kimefunikwa na kinatoa mvuke? Je, kisu kilichokata nyama mbichi ndicho kinachokata kachumbari? Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo nyanya na vitunguu vyake vyahitaji maji safi kuliko chakula kingine chochote. Je, vyombo vinasuuzwa kwa maji mapya, au ndoo ile ile tangu asubuhi? Je, mafuta ya chipsi yamekuwa meusi? Na je, mkono unaopokea fedha ndio unaoshika chapati? Mtu akiona mabaya mawili au matatu katika hayo, aage kwa adabu, aende mahali pengine. Kinga ni bora kuliko tiba.

Nimekwisha kusema juu ya mpishi; sasa niseme juu ya mlaji. Wako watu ambao hula kwa mama lishe na kusema, "Andika, nitalipa mwisho wa mwezi," kisha mwisho wa mwezi hupita njia nyingine. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sahani moja huuzwa kwa shilingi 2,000, na kwamba mchele, mkaa na mboga vimemgharimu mpishi shilingi 1,600. Faida yake ni shilingi 400. Basi sahani moja isiyolipwa hula faida ya sahani nne zilizolipwa. Watu watano wakifanya hivyo, mama yule amepika sahani 20 bure, na kesho hana fedha ya kununua mkaa. Dawa ya deni ni kulipa.

Vivyo hivyo katika baa. Mhudumu anayekuletea chupa mezani mara nyingi ndiye anayedaiwa na kaunta. Ukiondoka kimya kimya bila kulipa, hukumkomoa mwenye baa tajiri. Umemkata msichana mshahara wake. Mwite dada, usimpigie mluzi. Hesabu chupa zako tangu mwanzo, ukalipe ungali na akili zako. Na atakayeendesha gari au pikipiki asinywe pombe kabisa.

Watu hawa wamepata taabu nyingi. Ilipotungwa Sheria ya Nguvukazi mwaka wa 1983, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini, na wauzaji wadogo walisumbuliwa pamoja nao, kana kwamba kuwalisha wafanyakazi si kazi. Baadaye fikira zilibadilika. Mwaka wa 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, ili wafanye biashara zao bila kufukuzwa. Kutoka kuitwa mzururaji mpaka kupewa kitambulisho ilipita miaka 35, na katika miaka hiyo yote nyumba za mji zilijengwa na mafundi walioshiba kwa chakula chao.

Basi, ndugu zangu, mkifika Goba au mji mwingine wowote, kuleni bila hofu, lakini kuleni kwa macho. Naweni mikono. Chagueni chakula cha moto. Ulizeni bei kwanza, mkalipe siku ile ile. Na mkimaliza, mwambieni mpishi ahsante, maana amewafanyia wageni kazi ambayo kijijini hufanywa na mama mzazi.