Goti Jipya la Bibi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani kuwa mtu akibadilishwa goti, kazi imekwisha siku anapotoka hospitali. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, nilipofika nyumbani Tanga nikapewa kazi ya kumtunza bibi yangu, ambaye alikuwa na siku nane tu tangu kupasuliwa goti la kulia. Katika kazi hiyo nilifanya kosa moja. Naona yafaa nilieleze hapa, maana wengi wetu tuna wazee ambao magoti yanawasumbua.

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, yaani kile kitu cheupe chenye kuteleza tunachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Miaka inapopita, au mwili unapokuwa mzito mno, au goti likiwa liliumia zamani, gegedu huchakaa na mfupa husagana na mfupa. Bibi alikuwa amefika hapo. Hakuweza tena kukaa juu ya kibao cha mbuzi akakuna nazi, wala kupanda basi bila kushikwa mkono, na usiku maumivu yalimnyima usingizi.

Kwanza hujaribiwa dawa, mazoezi na kupunguza uzito. Vikishindwa, ndipo daktari hushauri upasuaji. Jambo hili si geni. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin alimtia mgonjwa goti la pembe ya ndovu, lakini njia yake haikufaulu. Mwaka 1968 Frank Gunston, daktari wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitumia chuma na plastiki, na vitu hivyo viwili ndivyo vinavyotumika hata leo. Hapa Tanzania upasuaji huu hufanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Wengine huogopa wakidhani kuwa goti zima hukatwa na kutupwa. Sivyo. Daktari hukata ncha zilizochakaa tu, unene wa milimita chache, kisha huzivika chuma mfano wa kofia, na katikati huweka plastiki ngumu iliyo nyororo ishike mahali pa gegedu. Lakini misuli hubaki ile ile ya mgonjwa, nayo ndiyo inayoutembeza mguu. Misuli ikiwa dhaifu, chuma hakitasaidia kitu.

Kwa sababu hiyo matayarisho huanza wiki kadhaa kabla. Bibi alifundishwa kulala chali na kukandamiza goti juu ya godoro huku akihesabu mpaka tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mwenye kisukari hana budi kuishusha sukari yake ili kidonda kisichelewe kupona. Mvuta sigara sharti aache. Jino bovu au jipu litibiwe kwanza, maana vijidudu vyaweza kupita katika damu vikafika kwenye goti jipya. Nyumba nayo hutayarishwa: mikeka iondolewe njiani asije akajikwaa, kiwekwe kiti kirefu chenye mikono, na choo cha kuchuchumaa kitiliwe kiti.

Baada ya upasuaji mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake. Wengine huona ni ukatili, lakini hufanywa hivyo ili damu isigande katika mishipa na goti lisikakamae.

Sasa nieleze kosa langu. Niliona bibi hupata nafuu goti likikunjwa kidogo, nikamwekea mto chini ya goti. Akaniombea dua nyingi. Mto ukakaa hapo siku nne, usiku na mchana. Tulipokwenda kliniki, mtaalamu wa mazoezi alimwambia anyooshe mguu, nao haukunyooka. Akatueleza kuwa goti likizoea kukunjwa wakati linapopona, nyama za ndani hukaza, na mtu huenda akachechemea maisha yake yote. Mto huwekwa chini ya kisigino, ili goti lishuke na kunyooka.

Tangu siku hiyo tulifuata maagizo. Tulimpa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, na baadaye barafu iliyofungwa katika kitambaa. Hata hivyo bibi alilia. Mama aliniomba nimwache apumzike, na bibi mwenyewe akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe huna huruma." Maneno hayo yaliniuma sana. Nikamjibu, "Bibi, nikikuhurumia leo, mwakani utanilaumu." Nilipokuwa nikirudi shuleni, wiki ya tano, mguu ulikuwa umenyooka, na kukunja kumepita nyuzi 90.

Kwenye ngazi kanuni ni hii: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia mkongojo na mguu uliopasuliwa. Tena, kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi zikibana, au homa ikipanda, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Uvimbe huchukua miezi kupungua, na nguvu huweza kuendelea kurudi kwa muda wa mwaka mzima. Katika magoti kumi ya namna hii, kama manane hudumu miaka 25. Bibi hachuchumai tena, husali akiwa juu ya kiti, na kibao cha mbuzi amempa dada yangu. Lakini likizo ya Desemba nilimkuta akitoka sokoni peke yake, kapu mkononi.

Basi, ndugu wasomaji, mzee wako akibadilishwa goti, usimwonee huruma kwa kumlaza. Msimamishe, mhimize, na mto uuweke chini ya kisigino.