Duka la Pikipiki na Baa Ziwe na Milango Miwili

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 ikifuata madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa, lakini haja ya watu kusafiri haikufungwa. Leo, mjini na katika vijiji vya Katavi, haja hiyo yatimizwa kwa pikipiki. Na kila pikipiki yahitaji tairi, cheni, plagi na fundi mwaminifu. Kwa hiyo jamaa wanaochanga akiba yao wafungue duka la vipuri wamechagua kazi yenye msingi.

Wako wanaotaka kuongeza baa ubavuni, kwa kuwa mwendeshaji anayengoja matengenezo huona kiu. Hapo twasema: tahadhari! Mtu aliyeuziwa breki njema asubuhi, kisha akauziwa bia nne jioni, ametengenezewa chombo akaharibiwa mwenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza kuendesha hali umelewa, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yadai leseni yake.

Shauri letu ni hili. Duka litangulie, baa ingoje mpaka duka lisimame. Kisha baa iwe na mlango wake, sanduku lake la fedha na daftari lake. Maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa nyumbani anayeuza vipuri alipwe ujira unaojulikana, wala baba asinywe bidhaa kwa deni lisiloandikwa. Naye ajaye kunywa na pikipiki, ufunguo wake ulale kaunta hadi asubuhi. Mteja aliyezikwa hanunui tairi.